Usiniapie Uongo, Shangazi

Bweni la Mashariki, kitanda namba 31,
Gerezani, Louisiana.
Ijumaa, 26 Aprili 2019.

Mpendwa Shangazi Ozella,

Shikamoo, Shangazi. Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya Jumamosi iliyopita, maana niliondolewa mbele yako bila kukuaga. U hali gani? Presha imeshuka? Unameza vidonge vyote, au bado unavikata nusu ili vikae siku nyingi? Na goti la kushoto je? Huku mvua inanyesha tangu Jumatatu, nikasema moyoni, goti la Shangazi limeshatangaza kabla ya redio.

Mimi ni mzima wa afya. Bado niko kwenye chumba cha dobi, nakunja shuka kutwa nzima, na mikono yangu inanuka sabuni hata nikila. Nimenenepa kidogo. Usifurahi sana, ni mikate tu ya huku, mwili hauna kitu.

Nimekupigia simu mara nane tangu siku ile. Inalia mpaka inachoka. Najua upo, kwa sababu wewe hutoki nyumbani siku za wiki isipokuwa Jumatano jioni kwenda kwaya, na saa nilizopiga hazikuwa za kwaya. Nimekuelewa. Ningekuwa wewe, nami nisingepokea simu ya mtu aliyenifokea mbele za watu.

Kwa hiyo naanza na hilo, kabla sijasema lolote lingine. Nisamehe. Neno lile nililokutamkia, kwamba umenifunga mara ya pili, halikuwa neno la kumwambia mtu aliyenivisha viatu. Nililisema kwa sauti, watoto wa watu wakageuka kututazama, na yule askari akaja kunishika bega. Ulivyoinamisha kichwa ukakusanya mkoba wako, Shangazi, nimekiona kichwa kile kila siku tangu hapo. Hasira hasara, ulinifundisha wewe mwenyewe, nami nina miaka arobaini na minne bado sijahitimu.

Unajua, nilipoona mabawa ya kuku tu nilijua kuna jambo. Mtu hanunui mabawa matatu, na pai ya viazi vitamu, na soda mbili kutoka kwenye mashine ile ya wizi ya chumba cha wageni, kisha akayapanga juu ya karatasi kana kwamba ni meza ya Krismasi, halafu yeye mwenyewe asile. Nikakuuliza, “Nani kafa?” Ukasema, “Kula kwanza.” Nilikula huku nikihesabu ndugu mmoja mmoja, nani alikuwa mgonjwa, nani anaendesha gari vibaya. Nilipofika kwa mdogo wangu Claudette nikaliweka bawa chini.

Bibi Lutie, Mungu amrehemu, ndiye aliyetuachia hili. Habari mbaya haitumwi kwa posta wala haisemwi kwenye waya. Unaipeleka kwa miguu yako mpaka mlangoni kwa mtu, una chakula mkononi, unamkalisha, anakula, ndipo unamwambia, na mkono wako uko juu ya wake. Baba alipofia kiwandani ulikuja shuleni na bakuli la wali na maharage mekundu limefunikwa kitambaa. Mwalimu akaniruhusu kutoka. Tulikaa ngazini, ukasema vilevile, “Kula kwanza, Ray.” Nilikuwa na miaka tisa. Nilikula chote, maana nilikuwa na njaa, na nilipomaliza ukaniambia, nikalia tumbo likiwa limejaa. Sijawahi kukwambia, lakini mpaka leo nashukuru kwamba nilisikia kwako na si kwa mwalimu mkuu.

Kwa hiyo naelewa. Barua ya jaji ilikufikia, ukaifungua, ukasoma kwamba ombi langu limekataliwa, ukasema huyu siwezi kumtupia hii kwenye bahasha akaisome peke yake kitandani. Ukangoja gari la kanisa la kuja huku. Mara ya kwanza mafua yakaingia bweni letu, wageni wakazuiwa. Mara ya pili gari likaharibika. Mara ya tatu presha yako. Na kila nikikupigia unaniambia, “Bado kimya, mwanangu, jaji anafikiri,” nami najibu, mwache afikiri. Masikini Shangazi! Kumbe ulikuwa umekaa na barua yangu kwenye kabati la sahani, chini ya kitambaa cha Krismasi, peke yako, siku arobaini na saba.

Ulichokuwa hujui, na nani angekwambia, ni kwamba barua ile ilikuwa inahesabu siku. Jaji akishakataa, mtu ana siku thelathini tu za kusema anakata rufaa. Zikipita, zimepita. Nilipokuuliza imeandikwa lini nawe ukasema tarehe nne mwezi wa tatu, nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikafika mwisho wa vidole, nikapandwa na wazimu. Ndiyo sababu nilipiga kelele. Si kwa sababu jaji alikataa. Kukataliwa nimezoea.

Sasa tulia unisikilize, maana habari haijaisha.

Jumapili ile ya Pasaka nilimwendea Mzee Prosper Guillory. Ulimwona siku moja chumba cha wageni, yule mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Amekaa humu miaka thelathini na miwili na amejisomea sheria mpaka mawakili wa mjini wanamwandikia kuuliza mambo. Yeye ndiye alinitengenezea lile ombi la kwanza. Nilimwambia kisa chote, nikimalizia na matusi. Akaniuliza:

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Shangazi yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Anakupenda?”

“Mapenzi hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa, mzee.”

“Basi nyamaza, kijana, ukalete kalamu.” Mimi mwenye mvi, kijana!

Akanieleza kwamba iko njia. Mfungwa ambaye hakupata habari ya hukumu kwa wakati anaweza kumwomba jaji yuleyule amfungulie upya muda wa rufaa. Ila anapewa siku kumi na nne tu tangu alipopata habari. Zangu zilianza Jumamosi ile ulipokuja, na zinakwisha tarehe nne Mei. Shangazi, mlango haujafungwa kabisa. Umebaki wazi upana wa kidole.

Tatizo ni moja, na Mzee Prosper hakunificha. Anwani ya mahakama kuandikia niliwapa mimi mwenyewe, na ni ya kwako. Unakumbuka mwaka ule walipokuwa wakituhamisha gereza hadi gereza, barua zinapotea, nikasema wataniandikia kwa Shangazi maana yeye hata kimbunga hakikumhamisha. Wakili wa serikali atasimama aseme, barua ikifika kwa shangazi imefika kwake, huyu mtu anatuchezea. Mzee anasema kwa kusema kweli nafasi yetu ni nusu kwa nusu, labda pungufu kidogo.

Jana ndiyo ikaja kadi ya Claudette, na ndani yake ujumbe wako. Kwamba nimwambie Prosper aandike tu kuwa barua haikufika. Kwamba wewe utakwenda kwa yule mama wa benki anayegonga mihuri, utanyoosha mkono, utaapa hujaiona barua yoyote, lazima mtu wa posta aliipoteza, na karatasi yenyewe utaichoma. Claudette kaandika ulisema, “Nimemwongopea siku arobaini na saba bure, sasa acha niongope siku moja yenye faida.” Nilicheka, Shangazi, kisha nikatoka nje uwanjani nikalia kwenye mvua ili watu wasijue nalia.

(Na wewe bwana wa ofisi ya barua unayesoma hii kabla yake, shikamoo nawe. Shangazi yangu hajaapa kitu chochote. Kuwaza si kuapa. Endelea kusoma, utafika mwisho.)

Sitakuficha, sikuwa malaika. Nilimwonyesha Mzee Prosper kadi ile. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema uongo huo ungefaulu. Barua ilitumwa kwa posta ya kawaida, hakuna sahihi ya mtu kuipokea, nani atabisha na mama wa kanisa wa miaka sabini na moja? Lakini akasema yeye hataandika maneno hayo kwa mkono wake, amezeeka kwa kazi hii bila kuapisha mtu uongo. Nikitaka niandike mwenyewe. Akanipa karatasi mbili nyeupe akaenda kunywa kahawa.

Nilishika kalamu, Shangazi. Niliandika tarehe, niliandika jina langu, niliandika “barua haikufika”. Nisikudanganye, iliandikika kwa urahisi. Kifungo cha maisha huku kwetu ni mpaka jeneza, unajua hivyo, na mtu anayetazama mlango umebaki kidole haulizi sana kilichoushikilia.

Kisha nikaitwa kazini, chumba cha dobi. Nikawa nakunja shuka, na mawazo yangu yakaenda kwa Mavis Tolliver. Najua jina hilo halitajwi nyumbani kwako. Litajwe leo tu. Yule mama alipanda kizimbani, akaweka mkono juu ya Biblia, akasema aliniona mimi nikitoka mbio kwenye duka la petroli usiku aliouawa Bwana Haskins. Na polisi walikuwa na karatasi tangu usiku uleule kwamba alisema hakuona uso wa mtu, karatasi iliyofichwa miaka kumi na saba mpaka tukaipata, na ndiyo hiyo niliyomwomba jaji aitazame. Mtaa mzima ulijua walikuwa wakimtafuta mwanawe. Kwa nini aliapa? Hakunichukia. Nilikuwa nikimkatia majani bila malipo. Aliapa kwa sababu alimpenda mtoto wake.

Miaka kumi na tisa nimeuchukia mkono ule. Naukumbuka, una pete ya fedha, vidole vimevimba. Na jana nikiwa na shuka mkononi nikaona mkono wako wewe umewekwa pale pale. Vidole vyako nawe vimevimba, Shangazi. Nikasimama tu na shuka haijakunjwa. Mkuu wa dobi akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi bwenini niliichana ile karatasi. Siwezi kutoka humu kwa njia niliyoingilia. Nikitoka kwa kiapo chako cha uongo, nitamwambia nini Mavis Tolliver siku nikikutana naye? Kwamba uongo wake ulikuwa mbaya na wetu mzuri? Mapenzi yalikuwa yaleyale.

Na pia njia ya mwongo ni fupi. Wakili wa serikali akikubana, “Mama, kabati lako la sahani lina droo ngapi?” wewe utajikuta umemwonyesha mpaka barua. Hujui kudanganya, kwa nini usikubali tu? Siku ile ya simu ukiniambia jaji anafikiri, sauti yako ilipanda kama unaimba sauti ya kwanza. Mimi ndiye mjinga sikushtuka.

Basi nimeandika kweli. Leo asubuhi nimemkabidhi askari bahasha, Mzee Prosper akiwa shahidi, na askari ametia sahihi kwenye daftari la barua za mahakama. Kwetu sisi wafungwa, siku unayomkabidhi askari ndiyo inahesabika kuwa siku imefika kwa karani, hata ikilala njiani mwezi. Kwa hiyo usijisumbue kuchagua tena. Nimeshachagua mimi, na maji yakimwagika hayazoleki. Ukiapa sasa kwamba barua haikufika, tutakuwa tunapingana, na mmoja wetu ataonekana mwongo. Najua hutaki niwe mimi, nami sitaki uwe wewe.

Nenda kwa mama wa benki Jumatatu ukiweza. Vaa kofia ya bluu, inakupa heshima. Andika kwa mkono wako siku barua ilipofika, ulipoiweka, kwa nini hukuipeleka, na siku ulipokuja kuniambia. Usipambe, usijitukane. Usiandike kwamba wewe ni mwanamke mpumbavu, nakujua, utataka kuandika hivyo. Waeleze habari ya Bibi Lutie na bakuli kama unavyotusimulia sisi. Jaji naye ana watu wake, huenda alishawahi kuletewa bakuli. Karatasi yenye anwani ya karani nimeiambatanisha humu, na barua yenyewe ya jaji, tafadhali usiichome, itie ndani pamoja na bahasha yake.

Kama atakataa, atakataa. Siwezi kusema sitaumia. Nitaumia sana, na nitakaa humu mpaka nizeeke kuliko Mzee Prosper, na huenda tusikae tena mimi na wewe barazani kwako. Nimelitazama hilo na bado nimetia sahihi. Lakini sitaki ulibebe wewe. Ulinilea bila mume, bila kaka yako, kwa kushona sare za watu, na ulikuja huku saa sita kwenda na sita kurudi kwa miaka kumi na tisa ukiwa na goti lile. Mwanamke aliyefanya hayo akikosea jambo moja kwa sababu alitaka kunishika mkono, huyo hana deni kwangu.

Habari nyingine ni chache. Paka wa jikoni kazaa wanne, wapishi wanagombania majina. Mzee Prosper anasema nikusalimie na anauliza kama ni kweli unatia mdalasini kwenye pai, nikamwambia hiyo ni siri ya ukoo. Naona anajipendekeza. Ukija, usimpe jibu.

Msalimie Claudette, mwambie mwandiko wake umekuwa mzuri tangu aache haraka. Wasalimie Mchungaji Broussard na dereva wa gari la kanisa, mwambie sina kinyongo na lile gari lake ingawa linastahili. Wasalimie wote wa sauti ya pili kwenye kwaya, maana wa sauti ya kwanza mnajisalimia wenyewe.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akupunguzie maumivu ya goti, akuongezee miaka ambayo mimi sikukutumikia. Na simu ikilia Jumapili baada ya ibada, pokea, tafadhali. Sina la kukufokea.

Nakunakilia hapa nilichomwandikia jaji, ili usikisome kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya serikali:

“Barua ya Mheshimiwa Jaji ilifika kwa Ozella Pruitt, shangazi yangu, aliyenilea tangu nilipofiwa na baba. Hakuizuia ili kunidhuru. Alikuwa akingoja nafasi ya kuwa karibu nami saa nitakapoisikia. Habari yake sikuipata mpaka tarehe 20 Aprili. Naapa kwamba hayo ni kweli, na ikiwa sheria inataka mtu wa kulaumiwa kwa siku hizo arobaini na saba, naomba iandike jina langu, lisiandikwe lake.”

Ni mimi mtoto wako wa kulea, nikupendaye kwa moyo wote,

Rayfield Pruitt